Ujumbe wa Jumatatu uliofika Jumatano

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Dada, uko macho? Naweza kuja kulala kwako leo? Kesho asubuhi wananipeleka." Simu yangu iliupokea siku ya Jumatano, saa nne asubuhi na dakika chache, nikiwa kwenye foleni ya maji. Pembeni yake paliandikwa siku na saa ulipotungwa: Jumatatu, saa tatu na nusu usiku. Kabla sijamaliza kuelewa ukaingia wa pili, huu ulikuwa wa Jumatano yenyewe: "Haina shida dada. Nimeshafika Kampala."

Foleni ikasonga, mimi sikusonga. Mama aliyekuwa nyuma yangu akakisukuma kidumu changu kwa mguu, akadhani nimepata habari ya msiba kutoka Congo.

Msichana huyo alikuwa na miaka 17, yuko S3, na kila Alhamisi alikuja kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale. Mjomba wake alikuwa amemtafutia kazi ya nyumbani kwa watu asiowajua. Nimemuuliza kama naweza kuandika habari hii. Amesema: andika, lakini jina usiweke, na usinifanye mtu wa kuhurumiwa. Nitajaribu.

Kila ninayemsimulia ananiuliza swali moja: kwa nini hakupiga simu? Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Ilikuwa kwenye kioski cha mama wa sola, imechomekwa kwenye ubao wake pamoja na simu zingine kama ishirini, inajaa chaji. Yule mama anazima simu zote anazolaza, juu zikizimwa zinajaa haraka na hazimsumbui na milio. Kwa hiyo usiku ule simu yangu ilikuwa na batri asilimia mia, na ilikuwa haisikii kitu. Nimewaza sana juu ya jambo hilo. Asubuhi ya Jumanne niliichukua, nikaiwasha, nikaona hakuna ujumbe wowote, nikaendelea na siku yangu. Wakati huo yeye alikuwa tayari ndani ya taksi ya kwenda Mbarara, na yake ndiyo iliyokuwa imezimwa.

Programu tuliyokuwa tunatumia inaitwa Briar. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anayejua kazi hiyo anaweza kuusoma, kuubadilisha, hata kutengeneza toleo lake mwenyewe. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2018. Sisi tuliijua kwa sababu ya uchaguzi. Tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia kura, intaneti ilikatwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Vijana wa hapa walikuwa wamezoea VPN tangu 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Lakini VPN inakusaidia nini pale intaneti yenyewe haipo? Kijana mmoja wa kikundi akaja na Briar kwenye kadi ya memori, tukaiweka, tukaanza kuandikiana kwa Bluetooth ndani ya ukumbi mmoja. Tulicheka sana, juu ungeweza tu kugeuza shingo ukamwambia mwenzako unachotaka. Lakini tulikuwa tunaandikiana, na siku zile hiyo ilikuwa kitu.

Intaneti iliporudi wavulana wengi waliifuta. Wasichana wakabaki nayo, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Briar haikuombi namba ya simu. Hapa kwetu laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine: la baba, la kaka, la jirani aliyepata kitambulisho mapema. Ukitumia programu inayotaka namba, unaongea ndani ya nyumba ya mwenye namba. Tena Briar, ukishatoka kwenye akaunti, inaomba neno la siri kabla ya kukuruhusu kuingia tena. Simu inaweza kuzunguka kwa familia nzima, mdogo wako akacheza gemu, mjomba akasikiliza redio, na maneno yako yakabaki yako. (Ukilisahau hilo neno la siri, basi. Hakuna mtu wa kukurudishia, unaanza upya. Imetutokea mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.)

Sasa nieleze kwa nini ujumbe wa Jumatatu ulilala siku moja na nusu, maana programu haikukosa. Ilifanya kile ilichosema itafanya.

Kwenye programu nyingi za kuandikiana kuna seva katikati. Unaandika, ujumbe unakwenda kwenye seva, seva inauweka, na mwenzako akiwasha simu anapewa. Ni kama zamani mtu alivyopeleka barua kwa paroko, anayejua nani amesafiri na nani atarudi lini. Watengenezaji wa Briar walimkataa paroko huyo makusudi. Simu yako inaitafuta simu ya mwenzako moja kwa moja: kwa Bluetooth mkiwa karibu, kwa waifai mkiwa kwenye waifai moja, na mkiwa mbali inapita kwenye mtandao wa Tor unaoficha nani anaongea na nani. Hakuna katikati pa kwenda kuuliza. Mtu anayetaka kujua wasichana wa Nakivale wanamwandikia nani usiku hana ofisi ya kubisha hodi.

Bei yake ni kwamba lazima wote wawili muwe hewani kwa wakati mmoja. Maelekezo yanasema hivyo waziwazi: mwenzako akiwa hayupo, atapata ujumbe mtakapokuwa nyote mpo. Ukiwa mji wenye umeme, hilo ni jambo dogo, simu zinashinda na kulala zikiwa zinawaka. Njoo upige hesabu ya kambini. Yeye alikuwa na mega usiku tu, juu laini ilikuwa ya kaka yake, na kaka alinunua bando akitoka kazini. Mimi simu yangu inakufa jioni, naipeleka kwa mama wa sola, naichukua asubuhi. Tunaishi umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu, na kwa siku nzima hakuna hata dakika tano ambazo simu zetu ziko macho pamoja.

Na yeye alijua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote aliponieleza baadaye. Briar inaonyesha alama ya kijani pembeni ya jina la mtu aliye hewani, na ujumbe ukishatoka unapata tiki. Alikaa nje ya nyumba kwa saa nzima akiangalia jina langu lisilo na kijani na ujumbe wake usio na tiki. "Nilikuwa naiangalia kama sufuria," alisema.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliponiona nimekaa na jambo hili, aliniambia kwamba shida hiyo ina umri mkubwa kunizidi. Kwenye kompyuta zake za zamani, zile zinazotumia Linux, ana programu ya kuandikiana inayoitwa Pidgin, ile yenye njiwa wa zambarau. Mpaka 2007 iliitwa Gaim. Nayo ni ya msimbo wazi, na iliweza kuingia kwenye mitandao mingi tofauti. Mingine, kama Jabber iliyoanza 1999, seva yake inaweza kukutunzia ujumbe mpaka urudi. Mingine haikuwa na utaratibu huo. Basi watu wa Pidgin wakaongeza kipande kidogo cha programu: ukimwandikia mtu ambaye hayupo, kinakuuliza kama unataka maneno yako yatunzwe, yapelekwe yenyewe akirudi.

Nikamuuliza: yanatunzwa wapi?

"Kwako. Kwa kompyuta yako mwenyewe."

Na nikiifunga nikaenda kulala?

"Basi yanalala na wewe."

Kumbe ilikuwa shida ileile, imevaa nguo nyingine. Mwandishi ndiye anayekesha na barua mkononi akisubiri mlango ufunguliwe. Ukitaka aende kulala, lazima mtu mwingine aishike hiyo barua, na hapo swali linakuwa ni nani. Seva ya kampuni? Ndiyo tuliyoikimbia.

Jibu la watu wa Briar lilitoka 2023. Ni programu ya pili, Briar Mailbox, sisi tunaiita Sanduku. Unaiweka kwenye simu nyingine ya Android, hata iliyochoka, unaiunganisha na Briar yako kwa kuipiga picha ule mchoro wa QR, kisha unaiacha mahali penye umeme na waifai, isizimwe. Mtu akikuandikia simu yako ikiwa imelala, ujumbe unaingia Sandukuni. Ukiamka, Briar yako inakwenda kuchukua. Na wewe ukimjibu, jibu linakaa humo mpaka atakapokuja hewani. Sanduku halijui kusoma: kila kitu kinaingia kimefungwa na funguo ziko kwenye simu za wenye barua. Kwa hiyo katikati pamepatikana, lakini ni katikati ulipopachagua wewe, kwenye kabati unaloliona kwa macho.

Simu tulipata. Kaka mmoja alikuwa na ya tachi iliyopasuka kioo kutoka kona hadi kona, anaona aibu kuibeba, batri haikai hata nusu siku. Kwa Sanduku haina neno, haitatembea. Umeme na waifai vipo pamoja mahali pamoja tu karibu na mimi: kwa mama wa sola. Ana paneli nne juu ya bati, betri mbili za gari chini ya meza, na karauta anakotoa waifai kwa wanaolipa kwa saa. Nikaenda na simu yangu iliyopasuka, nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kupata dawa.

Nilimweleza. Akasikiliza huku anachomoa na kuchomeka.

"Mule ndani mutakuwa nini?"

"Barua, mama. Za batoto ba kikundi."

"Unaweza nisomea moja?"

"Siwezi. Hata miye, zikiwa humu siwezi. Paka zifike kwa simu yangu."

"Na miye?"

"Hata wewe, mama. Hakuna mutu."

Akaacha kuchomeka. "Basi unaniletea muzigo ya kufungwa."

Nilidhani hajaelewa, nikaanza tena maelezo ya funguo. Akaniinulia mkono. Alikuwa ameelewa vizuri sana. Akanisimulia kwamba wakati wanakimbia, njiani kuelekea Bunagana, kijana mmoja alimwomba ambebee saki, mgongo ulikuwa unamuuma. Saki ilikuwa imeshonwa mdomo. Akaibeba juu ni mtoto wa watu. Kwenye kizuizi kabla ya mpaka waliifungua. Ndani mlikuwa na sare ya jeshi na viatu. Kijana hakuonekana tena. Yeye alikaa pale siku mbili, na hizo siku mbili hakunisimulia.

"Ile yenye nimefungua na macho yangu, naiweka," alisema. "Ya kufungwa hapana."

Nilikwenda nyumbani na simu yangu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sioni kama lipo. Kile kinachomlinda msichana, kwamba mshika barua hajui kilichoandikwa, ndicho hicho kinachomtia hatarini mshika barua. Watu wanaotengeneza programu hizi wanaandika kwa fahari kwamba anayeitunza hawezi kuisoma, na ni kweli ni jambo zuri. Lakini mtu aliyewahi kuulizwa "hii ni ya nani?" na mwenye bunduki anaisikia sentensi hiyo kwa sikio lingine.

Baada ya siku tano alinituma mtoto aniite. Alikuwa amefikiri. Alitaka mambo mawili. Simu ikae juu ya rafu ya mbele, mahali pa wazi, isifichwe nyuma, na ibandikwe karatasi yenye jina langu, namba yangu na jina la kikundi. Na mwenyekiti wetu wa wakimbizi aambiwe kwamba kitu hicho kipo, na mimi niende pamoja naye kusema. Tulikwenda. Mwenyekiti aliuliza kama kinatumia umeme mwingi, akasema sawa. Nilimlipa mama shilingi 5,000 ya mwezi, akakataa ya mwezi wa kwanza.

Halafu, nikiwa tayari ninaondoka, akauliza lingine.

"Barua ikiingia, hii simu inalia?"

"Hapana, mama. Inakaa kimya."

"Inawaka?"

"Hapana."

"Sasa miye mwenye nimekaa nayo hapa, sitajua kama muko kitu?"

"Hautajua."

Akaiangalia ile simu juu ya rafu kwa muda. "Ule mutoto angekuya hapa na miguu yake usiku ule, angeniambia 'mama, niitie dada', miye ningekuya kukubishia ku mulango. Unajua?"

Najua. Amewahi kunibishia mara tatu kwa mambo ya watu wengine, mara moja saa nane za usiku. Nilimuuliza msichana kwa simu, wiki hizo hizo, kwa nini hakwenda kwa mama wa sola. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi: mjomba wake anachajia pale. Kesho yake mjomba angeambiwa, si kwa ubaya, ila mama angemsalimia na kumuuliza mtoto anaendeleaje.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Mama anaweza kuamsha mtu lakini huwezi kumpa siri. Sanduku unaweza kulipa siri lakini haliamshi mtu. Nilikuwa nimeenda kwake nikidhani nimebeba dawa ya ule usiku wa Jumatatu, na dawa yenyewe isingefanya kazi usiku ule. Ujumbe ungeingia Sandukuni saa tatu na nusu, salama kabisa, umefungwa vizuri, nusu mita kutoka kwenye simu yangu iliyozimwa. Ningeusoma saa kumi na mbili asubuhi. Taksi za Mbarara zinaondoka saa kumi na moja.

Kuna jambo baya zaidi kidogo. Bila Sanduku, aliona ujumbe hauna tiki. Alijua yuko peke yake, akaanza kufikiri njia nyingine, ingawa hakuipata. Kukiwa na Sanduku angeona tiki moja, ya kwamba umetoka mkononi mwake. Tiki moja usiku, kwa mtu anayesubiri, ni kitu cha hatari. Angekaa.

Nilitaka kuacha kabisa. Wenzangu wawili wa kazi ndio walionikatalia, na walikuwa na haki. Mambo mengi tunayoandikiwa si ya usiku uleule. Ni ya msichana aliyekosa siku zake na hajui amuulize nani, ya mvulana asiyekula shuleni, ya mtu anayetaka tu kusema kwamba jana alimwota mama yake. Hayo yanaweza kusubiri mpaka asubuhi. Kilichokuwa kibaya ni kusubiri mpaka simu mbili zikutane, maana hizo siku zingine hazikutani wiki nzima, na mwandishi anachoka, anafuta.

Kwa hiyo tuliendelea, na kazi halisi ikaanza, ambayo haina utamu wa kusimulia. Nusu ya vijana walikuwa na toleo la zamani la Briar lisilojua Sanduku. Jumamosi nzima tulikaa ukumbini tukibadilisha. Kuna njia ndani ya Briar ya kumpa mwenzako programu bila intaneti: simu yangu inafungua waifai yake, mwenzangu anaingia, anaipakua kutoka kwangu. Hatukutumia hata mega moja. Usiku wa tatu Sanduku likafa. Simu ilikuwa inawaka, programu imezimwa: Android ikiona programu inafanya kazi chinichini bila kuguswa, inaikata ili kuokoa batri. Ikabidi kuingia kwenye mipangilio na kuiruhusu isikatwe, na kwenye simu ile ruhusa hiyo ilikuwa imefichwa sehemu mbili tofauti. Halafu mvua za Aprili zikaja, jua likakosa siku tatu, mama akazima kila kitu isipokuwa taa yake. Sikumlaumu.

Kilichotugombanisha sisi wenyewe ni umiliki. Sanduku moja linaunganishwa na akaunti moja. Vijana wanaoniandikia mimi wanapita humo, lakini wao kwa wao bado wanategemea bahati, na wanaomwandikia mwenzangu hawapiti kabisa. Mwenzangu akasema tufungue akaunti moja ya kikundi, neno la siri tulijue wote watatu, zamu kwa zamu. Kwa kazi ni rahisi, hata mimi niliona. Tuliwauliza wasichana. Walinyamaza vile wanavyonyamaza, kisha mmoja akasema: "Mimi nilimwandikia dada. Sikuandikia kikundi." Likaisha hapo. Mwenzangu bado anatafuta simu yake ya pili iliyopasuka, na kama unasoma hapa na unayo moja kwenye droo, tuko Base Camp, usitupe.

Kwa mambo ya usiku uleule, tulipanga na mama wa sola namna hii. Kijana anaandika anachotaka kuandika kwenye Briar, kinaingia Sandukuni. Kama hakiwezi kusubiri, anapita kioski, au anamtuma mtoto, na kusema maneno manne tu: mwambie dada afungue simu. Si zaidi. Mama hataki zaidi, alisema mwenyewe, afadhali asijue. Anachukua simu yangu kwenye ubao, anakuja kunibishia, ananipa. Ili watu wasihesabu nani amepita, tukasema maneno hayohayo yatumike kwa jambo lolote, hata kama ni kuniambia mkutano umeahirishwa. Kwa hiyo nimeamshwa saa tano usiku nikasoma "testi testi" na picha ya paka. Nimeamshwa pia kwa jambo ambalo sitaliandika hapa. Nilifika kwa wakati.

Mama ameanza kuniuliza maswali. Je, akifa huyu mwenye barua, barua inabaki? Je, mimi nikihama? Nilimwonyesha mahali pa kulitenganisha Sanduku na akaunti yangu, vilivyomo vinafutika. Akataka kufanya mwenyewe kwa kidole chake, ili ajue njia. Tukatenganisha, tukaunganisha upya, ikachukua asubuhi nzima, juu waifai ilikuwa dhaifu. Siku hiyo alikula chapati zangu mbili.

Msichana wa Jumatatu yuko Kampala bado. Nyumba aliyopelekwa mwanzo aliondoka, sasa yuko kwa mama mmoja wa Fizi anayeuza vitenge, analala na binti zake. Sijui kama ningemzuia usiku ule. Labda angelala kwangu, asubuhi tungekwenda na mwenyekiti kwa mjomba, mjomba angesema ndiyo mbele ya mwenyekiti na kumpeleka wiki ijayo. Yeye mwenyewe anasema angepata angalau kubeba vitu vyake.

Ananiandikia usiku sana, duka likishafungwa. Asubuhi nikiwasha simu naona Briar inakwenda kwa mama wa sola kuchukua, kisha yanashuka, mawili, matatu, yakiwa na saa zake pembeni. Wiki jana alitaka ripoti yake ya muhula wa kwanza wa S3, juu kuna shule huko inasema bila karatasi haimpokei. Nilikwenda shuleni Ijumaa. Wameniambia nirudi Jumanne, mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Nimemwandikia hivyo. Mpaka ninapoandika hapa, bado ni tiki moja.